Maziwa Mazima Niliyoyamwaga Kasulo

Vijana wangu, mliponiletea barua ya kuniomba niandike jinsi tulivyopunguza upotevu wa maziwa pale kituoni Kasulo, niliisoma nikaiweka chini ya sahani. Mlipokuja mara ya pili niliwaambia macho yananisumbua. Macho yangu hayana shida. Nilikuwa nakwepa aibu.

Ninyi mmekua mkisikia kwamba kituo kile zamani kilikuwa kikimwaga maziwa kila wiki, kisha Mama Leokadia, mkali kama pilipili, akawafundisha watu usafi na maziwa yakaacha kumwagwa. Ndivyo mlivyosema siku ya kuniaga. Mlinifunga kitenge kipya, mkapiga vigelegele, nami nikakaa pale mbele natabasamu. Sasa wengi wenu mmeshika maghala, mashine na ofisi, na mnataka kujua mbinu. Nitawapa mbinu. Lakini hadithi ile mliyoisikia si ya kweli, na aliyeiacha itembee ni mimi.

Kwanza niwape yale ninayoyajua kwa hakika, msije mkadhani bibi huyu hakujua kazi. Keni ya maziwa husuuzwa kwa maji baridi kwanza, ndipo yaje ya moto na sabuni. Ukianza na ya moto, maziwa yanaganda ukutani mwa keni kama gundi, na kesho yake utalaumu ng'ombe. Ukimaliza iinamishe kwenye kichanja, mdomo chini, jua liifikie. Usiifunike ikiwa na unyevu. Na ukifungua kifuniko cha dumu la mtu, nusa papo hapo, kabla upepo haujaiba harufu. Ukianza kwanza kusalimiana na kuulizana habari za watoto, utanusa jasho lako tu.

Nilikuwa hodari wa kukamata wajanja. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa anaongeza maji kwenye maziwa. Nikamkamata kwa kile kipimo cha kioo kinachoelea, maana maziwa yenye maji ni mepesi na kipimo huzama. Akaenda akajifunza, akarudi na maji pamoja na chumvi, ili maziwa yawe mazito tena. Kipimo kikaelea vizuri kabisa. Mimi nikachovya kidole nikalamba.

"Ng'ombe wako analamba chumvi?" nikamwuliza.

"Sana, mama! Namnunulia ile ya mawe."

"Basi mwambie apunguze. Inatokea chuchuni."

Watu walicheka wiki nzima. Wakaniita Mama Spiriti, kwa sababu ya chupa yangu ya spiriti ya kupimia, na jina hilo nililipenda. Nawaambia haya muone jinsi nilivyoharibika. Mtu akikamata mwongo mmoja na watu wakamshangilia, anaanza kumwona mwongo katika kila dumu.

Kazi hii niliianzia Biharamulo, kwenye kiwanda kidogo cha mtindi cha mtu binafsi, ambacho siku hizi hakipo tena. Aliyenifundisha ni Mzee Anatoli, Msubi mrefu wa mabuti meusi, ambaye kwake harufu ilikuwa "halufu" na haraka ilikuwa "halaka". Mwezi wangu wa pili pale nilivunja kile kipimo cha kioo. Nikafukia vipande kwenye jivu la jikoni, na kwa siku mbili nikawa napokea maziwa kwa kukisia, huku nikiandika namba za uongo. Wateja wakaja kulalamika kwamba mtindi wa safari hii unatiririka kama uji wa mgonjwa. Mzee Anatoli alikwenda moja kwa moja kwenye jivu, akachokoa kwa kijiti, akatoa vipande. Hakunifukuza. Aliviweka kwenye kopo, akanipa, akasema, "Twende." Tukapita kwa kila mteja wa mjini aliyeuziwa ule mtindi, mimi nimebeba kopo, nikisema kwa mdomo wangu nilichofanya. Nyumba ya kwanza nililia. Kufika nyumba ya mwisho mama mmoja alikuwa amekwisha kunipa ndizi.

Kwa hiyo nilijua inavyofanywa. Nilifundishwa nikiwa msichana. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Nilipoajiriwa Kasulo nilikuta kituo kipya cha kikundi cha wafugaji, chenye tangi la kupozea na vyumba viwili, na nikapewa uhuru wa kupanga utaratibu. Niliupanga kama ifuatavyo. Mlango unafunguliwa saa moja asubuhi. Kila mwanachama akifika anaweka dumu lake chini uwanjani, kwenye mstari, ananipa kadi yake, nami naiandika kwenye daftari. Saa tatu nafungua chupa ya spiriti na kuanza kupima. Napima kwa kufuata namba za uanachama, kuanzia namba moja hadi ya mwisho.

Mtauliza, kwa nini saa tatu? Kwa sababu spiriti hupotea hewani kila ukifungua chupa, na ilikuwa inaletwa kutoka mbali. Niliambiwa nibane matumizi, nikabana. Nilifungua chupa mara moja kwa siku na kuifunga mara moja. Chupa moja iliyokuwa inakwisha kwa wiki mbili kwenye vituo vingine, kwangu ilikwenda mwezi. Viongozi walinisifu kwenye mkutano, na mimi nikaona kweli huo ndio ufanisi.

Na kwa nini namba? Kwa sababu daftari lilikuwa limepangwa kwa namba, na sikutaka kufunua kurasa mbele na nyuma. Ilikuwa sababu hiyo tu. Lakini namba moja mpaka ishirini na kitu walikuwa waanzilishi, Wahangaza wenyeji waliokaa karibu na barabara, shangazi zangu na watu wa jumuiya yangu ya kanisani. Kuanzia thelathini kwenda juu walikuwa waliojiunga baadaye, wengi wao familia zilizotoka Burundi na Rwanda miaka ile ya watu kukimbia, wakapata mashamba kule nyuma ya kilima na kubaki. Hao walikuwa wanakamua saa kumi na moja alfajiri na kutembea mwendo wa karibu saa mbili. Walikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kupimwa. Sikupanga hivyo kwa kuwachukia. Ila nilikuwa na macho, na sikutazama.

Kipimo cha spiriti ni rahisi. Unachanganya maziwa kidogo na spiriti kiasi hicho hicho kwenye kichupa, unakiinamisha. Yakiteremka laini, ni mazima. Yakishika ukutani kwa chembechembe, yameanza kuchachuka, na ukiyatia kwenye tangi yataharibu ya watu wote. Yaliyokataliwa tuliyamwaga mtaroni palepale, ili mwenyewe asiende kuyauza barabarani. Mtu akikataliwa mara tatu katika msimu mmoja aliondolewa kwenye kikundi. Na kama ng'ombe alikuwa ni wa kikundi, yaani wale mitamba waliotolewa kwa mkopo ili mtu arudishe ndama, basi ng'ombe alipewa mwanachama mwingine.

Mama Bukuru alikuwa namba arobaini na moja. Mwanamke mwembamba, mama wa mapacha, mwenye Kiswahili cha sokoni kilichojaa Kirundi. Alipata mtamba wa kikundi, mwekundu mwenye doa jeupe kifuani. Alikuwa akifika na dumu lake limefunikwa jani bichi la mgomba, analiweka chini, analifunika tena vizuri pande zote. Mara ya kwanza kuliona jani lile nilimpigia kelele kutoka dirishani.

"Toa takataka hizo juu ya maziwa! Hapa si sokoni!"

Akalitoa. Siku zilizofuata alikuwa analitupa kabla hajaingia uwanjani. Ile ndiyo kofia pekee iliyokuwa inayakinga maziwa yake na jua, na mimi ndiye niliyeivua.

Maziwa yake yakaanza kushika. Siku ya kwanza nilipomwonyesha kichupa alisema, "Mama, yalikuwa mazima nilipotoka. Watoto wameyanywa."

"Spiriti haina undugu," nikamjibu, nikamwaga.

Siku ya pili alisema maneno marefu, Kiswahili na Kirundi vikichanganyika. Nilikuwa nimeinama naandika. Nikasema, "Mwingine."

Siku ya tatu uwanja ulikuwa umejaa. Nilikishika kichupa juu ili wote waone, nikasema kwa sauti, "Huu ni uchafu wa mikono. Huko mlikotoka labda mnakunywa hivihivi, hapa hapana." Nilisema hivyo. Mimi, ambaye kila Jumapili nilikuwa nasoma somo la kwanza kanisani. Nikamimina lita zake zote mtaroni mbele yake. Kwetu sisi na kwao wao, kumwaga maziwa ni jambo zito. Mtoto mdogo tu akimwaga kikombe nyumba nzima inanyamaza. Mama Bukuru aliliokota dumu, akalitikisa kwenye kiganja matone yaliyobaki, akayanywa. Halafu akasema, "Asante, mama," akaondoka.

Ng'ombe akachukuliwa wiki ile ile, akapewa Fidelis, namba nane, aliyekaa jirani na kituo. Na sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapoona aibu hata nikiwa peke yangu. Maziwa ya ng'ombe yule, kwa Fidelis, hayakushika hata siku moja. Nami nilifanya nini? Nilisimama mlangoni nikawaambia watu, "Mmeona? Ng'ombe ni yule yule. Tofauti ni mikono." Jibu lilikuwa limesimama mbele yangu lina miguu minne na doa jeupe kifuani, nami nikaligeuza likawa tusi.

Misimu miwili ikapita hivyo. Waliofukuzwa wakaongezeka, tangi likawa halijai hata nusu, na mimi nikazidi kuwa mkali. Niliongeza kanuni. Nilibandika tangazo la kunawa mikono. Niliwakagua watu kucha, watu wazima wenye wajukuu, kama watoto wa darasa la kwanza.

Mzee Anatoli alikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa amekwisha kustaafu, ana safari ya harusi Ngara mjini, akashuka njiani anisalimie. Nikamkuta amekaa kwenye benchi la nje saa moja kasoro, hata mlango sijafungua.

"Shikamoo, mzee wangu!"

"Malahaba, Leokadia. Fanya kazi yako. Mimi natazama tu."

Niliona fahari. Nikavaa koti langu jeupe, nikaandika kadi. Baada ya muda nikamwona ameomba chaki, anazunguka kwenye mstari, na kila dumu linalofika analiandika saa. Nikadhani ni mchezo wa uzee.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja anaitwa Anastazia, namba arobaini na tatu. Mzee Anatoli akafungua dumu lake, akanusa, akaja dirishani.

"Lete spiliti."

"Tunafungua saa tatu, mzee. Inapotea hewani."

Akanyoosha kiganja. "Nipe matone tu."

Nikampa kwa heshima yake. Akapima maziwa ya Anastazia palepale. Yakateremka kwenye kichupa laini kabisa. Akanionyesha, akarudi kukaa. Dumu likabaki uwanjani na jua likaanza kupanda.

Saa tatu nikaanza. Namba moja, namba mbili, namba tatu. Wengine walikuwa wamefika muda huo huo, madumu yao bado yana ubaridi wa alfajiri, wakapimwa wakaenda zao. Mzee Anatoli akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Mbona aliyefika kwanza anasubili?"

"Namba yake arobaini na tatu, mzee."

"Maziwa yanajua namba?"

Nikaita namba iliyofuata. Nilipofika kwa Anastazia ilikuwa saa nne na nusu. Nikachanganya, nikainamisha kichupa. Yakashika. Chembechembe ukutani, kama mchanga.

Nilielewa. Nataka mjue hilo. Sikuhitaji kuelezwa. Palepale, kichupa kikiwa mkononi, nilimwona Mama Bukuru na jani lake la mgomba, nikamwona yule ng'ombe kwa Fidelis, nikawaona wote niliowakagua kucha. Anastazia alikuwa amesimama mbele yangu, na nyuma yake watu kama kumi. Kama nisingemwaga, ningelazimika kusema kwa nini. Na kama ningesema, wangeuliza habari za jana, za juzi, na za mwaka jana.

Nikamwaga.

Nilimwaga nikijua. Yale ya kwanza yote mnaweza mkasema bibi alikosea. Ya Anastazia sikukosea. Nilichagua.

Chai ya Mzee Anatoli ilikuwa imemiminwa ndani. Hakuigusa. Alichukua mfuko wake, akaniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilikufundisha kunusa maziwa, Leokadia. Hii ya kunusa watu umeitoa wapi?" Akaenda kusubiri gari barabarani. Sikumwona tena akiwa hai.

Jumatatu iliyofuata nilibadilisha kila kitu, na hapa ndipo penye zile mbinu mnazozitaka, kwa hiyo andikeni. Maziwa yakifika yanapimwa palepale, mwenyewe akiwa amesimama. Anayefika kwanza anapimwa kwanza. Yakipita yanaingia kwenye tangi wakati huo huo. Hakuna dumu linalokaa chini kusubiri daftari. Tukajenga kibanda cha nguzo na nyasi kwa ajili ya kivuli. Majani ya migomba nikayaruhusu, tena nikayasifu. Spiriti nikaitia kwenye kichupa kidogo cha kudondoshea, na mwisho wa mwezi nikakuta tumetumia zaidi ya zamani kwa kiasi kidogo tu, kama glasi moja. Kwa ajili ya glasi ile ya spiriti nilikuwa nimemwaga maziwa ya watu mtaroni misimu miwili.

Na kuna upotevu mwingine ambao sikuwa nimeuona hata kidogo. Kwa utaratibu mpya, saa mbili na nusu uwanja ulikuwa mweupe, watu wamerudi mashambani. Zamani walikuwa wanaondoka karibu saa tano. Nilikuwa nahesabu spiriti kwa matone, lakini asubuhi za watu arobaini hazikuwa na safu kwenye daftari langu. Ukitaka kujua kazi inapovujia, usifuate karatasi. Fuata dumu lenyewe. Kaa nalo chini juani tangu linapofika mpaka linapoingia kwenye tangi, na uhesabu ni muda gani linaguswa na ni muda gani limekaa tu. Mtashangaa. Hata faili ofisini ni hivyo hivyo, hata gunia la maharage ghalani.

Maziwa yakaacha kukataliwa karibu kabisa. Viongozi wakaja, wakaniuliza, "Mama, umefanyaje?" Nikasema, "Watu wamejifunza usafi." Maneno matatu. Wakaleta wageni kutoka Biharamulo waje kujifunza kwangu, nikawapitisha kwenye kibanda, nikawaonyesha kichupa cha kudondoshea. Walipouliza habari za zamani nilisema zamani kulikuwa na uchafu mwingi. Anastazia alikuwa amesimama pale pale na dumu lake. Aliangalia chini.

Ndiyo maana barua yenu ilikaa chini ya sahani.

Mwezi uliopita nilisikia kwa mtu wa parokia kwamba Mama Bukuru yuko Bugarama, anaishi kwa binti yake, wanalima maharage. Nilikaa na habari hiyo siku tatu. Ya nne nikaenda. Nilimkuta uani, ameketi kwenye mkeka anapura maharage kwa fimbo. Amezeeka, lakini mikono ni ile ile.

"Hodi, mama."

"Karibu." Akanitazama. "Mama Spiriti."

"Ndiye mimi." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yote yakapotea. "Nimekuja kukuambia, maziwa yako yalikuwa mazima. Yaliharibikia kwangu, kwenye jua, kwa kusubiri."

Aliendelea kupura. "Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa naacha kibuyu kimoja nyumbani, kivulini. Amata, maziwa ya asubuhi ile ile, ya ng'ombe yule yule. Nikirudi saa saba nayakuta mazima, watoto wanakunywa. Sasa ya kwako yanakufa, ya kwangu yanaishi. Nilikuambia siku ile ya pili. Nilikuambia yote, na kibuyu, na jani."

"Sikukusikia."

"Ulikuwa unaandika," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hakujibiwa salamu: mwenzake alikuwa mbali.

Nikaomba msamaha. Nilipiga magoti, na kwa umri wangu si jambo la mchezo. Akakusanya maharage yaliyoruka, halafu akauliza, "Siku ile uliposema uchafu wa mikono, tulikuwa wangapi?"

"Wengi. Uwanja ulijaa."

"Na leo hapa tuko wangapi?"

"Wawili."

Akasimama, akakung'uta kanga yake. "Inuka unywe uji. Gari la Ngara litakuacha."

Nilikunywa uji. Ulikuwa mtamu, na nilishindwa kuumaliza.

Jumapili iliyopita baada ya misa kulikuwa na mkutano wa wanachama pale kituoni. Ninyi wengi hamkuwepo, ndiyo maana nimeandika. Niliomba nafasi. Mwenyekiti akadhani nataka kushukuru kwa kitenge, akawaambia watu wapige makofi. Nilisimama nikasema yote, kuanzia chupa ya spiriti mpaka dumu la Anastazia. Anastazia mwenyewe alikuwepo. Aliondoka kabla sijamaliza, sikumlaumu. Kuhusu ng'ombe wa Mama Bukuru, Fidelis alisema ana ndama jike wa ukoo ule, na kwamba atafikiri. Mpaka leo anafikiri.

Nilitegemea wanitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Badala yake mwanamke mmoja alinyoosha mkono, akauliza kwa upole kabisa, "Na yangu, mama? Ya kile kiangazi kirefu?"

Nikasema, "Sijui."

"Si una daftari?"

Nilikuwa nalo, nililileta makusudi. Nikafungua. Jina lake lipo, namba yake ipo, lita zipo, na mbele yake kwa wino mwekundu: yamekataliwa. Saa aliyofika haipo. Sikuwahi kuandika saa. Pengine yaliharibikia kwangu, pengine siku ile kweli dumu lake lilikuwa chafu. Hakuna mtu duniani anayeweza kujua tena.

Mwingine akasimama. "Na yangu?"

"Sijui, kaka."

"Na ya mama yangu?"

"Sijui."

Wakauliza kwa kupokezana hivyo, nami nafunua, nasoma, nasema sijui. Mwisho akasimama mzee mmoja, Yohana, wa kule nyuma ya kilima. Nilimwamkia, akaitikia. Alikuwa ameshika kofia mbele ya tumbo.

"Letu lilimwagwa mara mbili," akasema. "Mimi nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu hajui kuosha dumu. Nilimwambia mbele ya wakwe zake. Baada ya hapo alikuwa analiosha mara tatu, mara nne, kwa mchanga, mpaka mikono inachubuka. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike." Akaigeuza kofia mikononi. "Mimi sidai kitu, mwanangu. Niambie tu. Yalikuwa mazima?"

Nikatafuta ukurasa. Nikapata jina, namba, lita, wino mwekundu.

"Sijui, mzee."

Aliitikia kwa kichwa, lakini hakukaa. Alibaki amesimama ananitazama na kofia yake mkononi, kama mtu anayeamini kwamba bado natafuta. Nikafunua ukurasa uliofuata, ingawa nilijua hauna kitu.